Mia na Thelathini na Tatu

Kaa alifunguliwa saa tisa usiku, Jumanne ya Juni.
Huko Kushiro ukungu uliegemea madirisha
kama mgeni asiyejua kubisha hodi,
na Shizuyo, fundi wa meno bandia,
vumbi la magego bado liko kwenye kucha,
alikuwa macho, blanketi magotini, anamsubiri.

Moyagani.
Kwao ni kaa wa ukungu, basi.
Masikio yetu sisi yanasikia swali:
moyo gani?

Gamba la kijivu, gando moja kubwa kuliko kichwa,
maji na mzuka katika damu moja.
Miaka sita mchezo ulimficha,
akaonekana tu kwenye michoro ya ukuta, ndani ya mnara wa tatu.
Leo yuko kiganjani, anapepesa macho,
hana habari kwamba nusu ya dunia inampigia hesabu.

Nukta mia tano za kugawa. Mafungu sita.
Ni shuka fupi hii: ukifunika kichwa, miguu nje;
ukimpa kasi, umemnyang'anya mifupa.
Na mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Seti ya kwanza: upanga mtupu.
Nguvu yote, kasi yote, na ule mkanda mwekundu
unaomuuma anayeuvaa.
Akapiga mara moja, vizuri ajabu,
kisha akaguswa na upepo wa mbayuwayu, akazima.

Seti ya pili: ukuta.
Sumu, kinga. Sumu, kinga.
Pambano la dakika arobaini na mtu wa Busan
ambaye mwishowe alikata mtandao kwa kuchoka.
Ushindi, ndiyo. Ladha ya kiporo.

Seti ya tatu haisemeki.

Alhamisi, kazini, akisugua gego la juu
la mama mmoja wa Nemuro,
sehemu ya kumi ya milimita, kisha nusu ya hiyo,
likamjia: anayemwogopa ni mmoja tu.
Ni yule mbweha wa radi
ambaye kila mtu anambeba msimu huu,
kasi yake mia na thelathini na mbili.
Basi kaa awe na mia na thelathini na tatu.
Nukta moja juu ya hofu,
na chote kinachobaki kiende kwenye uhai.

Akaandika nyuma ya risiti ya plasta:
Ngurumo ya Chini. Busu la Chumvi. Kinga.
Pigo la nne akaliacha wazi hadi Jumamosi,
kama mtu anayeweka kiti cha ziada bila kusema ni cha nani.

Jumamosi, ghorofani, juu ya duka la kufulia nguo.
Meza nane, harufu ya sabuni ikipanda ngazi.
Mpinzani: Uenishi, dereva wa gari la kusukuma theluji,
ambaye Juni hana kazi ila kulipaka mafuta.
Mikono minene kama imevaa glavu.
Hawajawahi kusemezana.

Shizuyo akatoa kaa.
Uenishi akatoa kaa.

Wote wakachagua pigo moja kwa pumzi moja,
na mchezo ukasita.
Nani atangulie? Kasi sawa.
Mashine ikarusha sarafu yake isiyoonekana.

Ikamwangukia Uenishi.

Shizuyo hakumtazama kaa wake akizama.
"Mia na thelathini na tatu?"
"Kwa sababu ya mbweha," akasema yule mtu, masikio mekundu.
"Na zilizobaki?"
"Uhai. Zote."

Kumbe Alhamisi ileile,
huyu na gego la mgeni kwenye koleo,
yule chalichali chini ya gari, grisi hadi viwiko,
walikuwa wakiipima nukta ileile,
kila mmoja akidhani ni siri yake.

"Pigo la nne umeweka nini?"
Uenishi akaikumbatia mashine kifuani kama mtoto mchoyo.
Chini, fuo la mtu fulani lilimaliza kuzunguka,
likapiga kengele, wala hakuna aliyeshuka.